Menyu ya Tshilombo

Jumatatu, 5 Aprili 1993

Tshilombo hayupo. Meza yake ipo, kiti kimeshachukuliwa. Nilijua tangu Ijumaa kwamba yuko stesheni na Wakasai wenzake wanaofukuzwa mkoani kwetu warudi kwao, lakini macho hayakukubali.

Kompyuta ya bureau, ofisi yetu ya mishahara ya mgodi, nimeiwasha mwenyewe. Ikaleta kwanza menyu aliyoiweka yeye: PAIE, MAGAZINI, SHULE. Mashine moja, mifumo mitatu, unachagua kwa mshale. PAIE ni ya mishahara, MAGAZINI ya vipuri. SHULE ndimo alimokuwa akinifundisha mimi baada ya kazi. Nimeingia SHULE. Sikuwa na kazi humo, nimekaa tu. Namkumbuka.

Jumanne, 6 Aprili

Majina ya Wakasai yameng'olewa kwenye milango yote ya ofisi. Shefu wetu, Tata Nkulu, kasema na kwenye kompyuta yatoke. Nikamwambia humo hakuna jina la mtu. Akasema menyu nzima ni kibao cha Tshilombo, na kibao chake kinatoka leo.

Nilikataa. Akaketi mwenyewe — anajua kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachomponza. Akaifuta menyu, akajisifu, akazima. Kuwasha tena: kioo cheusi, na sentensi moja tu, kwamba hakuna mfumo. Hata PAIE haiingiliki! Nilitaka kucheka. Halafu nikawaona wafanyakazi dirishani wakingoja mishahara.

Jumatano, 7 Aprili

Shefu kawa mpole. Kanipa dereva wake anipitishe kwa askari wa stesheni, nikamwulize "ule kijana" namna ya kutengeneza. Jina halimtoki mdomoni.

Stesheni — Mungu wangu. Watu, magodoro, masufuria, mmoja kabeba hata mlango wa nyumba yake. Treni hakuna. Tshilombo amekonda. Mama yake, Mama Mbombo, amelala juu ya kitenge, anahara. Alinishika mkono akaniita mke wa mwanawe. Baba yangu kule Kasaji, asiyetaka Mkasai nyumbani kwake, angesikia!

Tshilombo alicheka aliposikia habari za shefu. Akachora vumbini. Vyumba vyote vipo, kilichobomolewa ni mlango wa mbele tu. Unawasha kwa disketi, unajenga menyu upya pale pale ilipokuwa, unaandika majina, unaiambia mashine ianzie hapo. Nilielewa mara moja. Nikamwambia sijaelewa, nitarudi kesho.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimerudi, nimeuliza yale yale. Anajua kwamba najua. Akanieleza polepole, mabega yakigusana, na hakuna aliyetuuliza kitu. Mama Mbombo kanywa uji kidogo. Shefu nimemwambia ni kazi ngumu.

Ijumaa Kuu

Ofisi imefungwa, dereva hakuna. Sijamwona. Siku ndefu kuliko Kwaresima nzima.

Jumanne, 13 Aprili

Mama Ernestine wa Musonoi alikuja dirishani. Mume wake anachimba kwenye mgodi wa Mashamba. Hakugomba. Aliuliza tu kama mishahara itatoka, maana Pasaka wamelala na chai. Nikajiona mchawi. Nimewashindisha watu njaa ili nimwone mwanamume!

Nikafunga mlango, nikaweka disketi. Menyu imerudi. Majina yote matatu nimeyaandika, na SHULE pia. Nikaenda kumwambia shefu. Kabla sijafungua kinywa, akasema mabehewa yamefika, yanaondoka kesho. Kisha akashusha sauti.

"Kama machine haiwake, ule kijana atabakia. Batamukamata kule na kumuleta hapa, baaskari batamulinda. Kama inawaka, aende na benzake."

Nikasema bado haijawaka. Sauti ilitoka yenyewe.

Nilikimbia stesheni. Abaki! Nimemweleza yote, hata uongo wangu. Alinitazama sana. Nilidhani atafurahi.

"Mi nikibakia," akasema, "mama ataenda na nani?"

Akasema bila mtu wa kumshika kichwa, mama hafiki kwao Mwene-Ditu akiwa hai. Akanishika uso kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. Kisha akarudi kumpepea.

Jumatano, 14 Aprili

Naandika ofisini, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Shefu kaahidi kupita kuitazama mashine kabla ya kutuma askari. Hawatamwuliza Tshilombo anataka nini. Watamkamata tu.

Mashine nimeiwasha, nikagusa mshale, menyu imesimama inangoja. Namtaka. Sina aibu kuandika hivyo. Namtaka hapa, hata na askari mlangoni, hata akinichukia. Atanichukia mwaka mzima, halafu je? Na Mama Mbombo atakuwa wapi huo mwaka mzima?

Filimbi. Wanapakia.

Viatu vya shefu kwenye koridori. Anagonga.

"Ernestine!" anaita. Ernestine ni yule mama wa dirishani, mimi ni Godelieve, na leo hata jina langu analikosea! Anaita tena, sasa kwa jina langu.

"Godelieve. Inawaka?"

Kidole changu kiko kwenye swichi: nikiizima, ataona kioo cheusi na Tshilombo atabaki; nikiiacha, ataondoka na mama yake.