Sare ya Harusi ya Watu

Jumatatu, 3 Machi

Redioni leo wameuliza: je, watu wa makabila na mataifa mengi kuishi pamoja kunaufanya mji mkubwa uwe na raha? Msikilizaji apige simu. Wakapiga. Mama mmoja anasema mtaani kwake anasikia lugha saba kabla hajafika kituoni, moyo unamchangamka. Kijana mmoja anasema muziki. Mwingine vyakula. Wote meno nje. Mimi mguu kwenye pedeli ya cherehani, nikawajibu peke yangu — raha ipo, ndiyo. Raha ya kutazama.

Na kutazama nako nawashinda wote. Fundi nguo anawashika watu mabega. Namjua anayevuta tumbo ndani nikimzungushia futi, akidhani sioni. Namjua anayetaka mkono ufike kiganjani kwa sababu ya imani yake, na anayetaka mgongo wazi kwa sababu ya joto — ndivyo anavyosema. Nimeshona nguo za harusi za watu ambao sijui hata kwao wanasemaje "asante". Sijaalikwa hata moja. Simlaumu mtu. Nani anamwalika fundi?

Jioni dada kapiga. Chumba cha nyuma amekitoa magunia, amekipaka chokaa. Shemeji anakuja mjini na lori mwisho wa mwezi. Nipakie cherehani, nipande na mimi, nirudi nyumbani. "Mdogo wangu, huko umebaki kufanya nini?" Nikamwambia mji una raha, watu wa kila aina. Kisha akauliza kama kuna hata mmoja wa hao wa kila aina aliyekuja kunijulia hali nilipougua kifua. Nikasema mtandao unakatika.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi kubwa imeingia. Mama mmoja, mwili mpana, sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. Anamwoza binti. Nimempa jina la Mama Harusi. Binti anaolewa na watu wa mbali, lugha nyingine kabisa. Mama alitaka sare za rangi mbili: upande wake bluu, upande wa pili "wavae wanachojua wenyewe". Maharusi wamekataa katakata. Wanataka kitambaa kimoja kwa wote, kijani kilichokolea chenye majani madogo meupe. Ukoo mmoja, rangi moja. Mama Harusi anasimulia huku amebinua mdomo.

"Sasa fundi, niambie. Tutajuaje nani ni nani?"

Nikasema kazi yangu ni kushona.

Vipimo vya karibu wote vimekuja kwenye simu yake. Mji huu ulivyotawanyika, nani atauvuka kuja kupimwa kifua? Kwa hiyo nashona familia mbili ambazo sijaziona. Kuna mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, kifua chembamba, mikono mirefu ajabu. Nadhani wamekosea kumpima. Nimekata hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya kuliko zote ni hii. Wiki nzima kuna wateja. Jumapili kila mtu anarudi kwa watu wake. Wana kumbi zao, vyama vyao, vikao vyao. Kutoka dirishani nawaona wakitoka wamependeza, kila familia na lugha yake. Chumba cha upande wangu wa kulia wanacheka. Cha kushoto wanagombana, na nimezoea ugomvi wao kiasi kwamba juzi walipokaa kimya niliingiwa na wasiwasi. Sura zao nikikutana nazo sokoni sizitambui.

Watu wangu nao walikuwa na chama mjini hapa. Tulikuwa wachache, hatujai chumba, lakini wenyeviti walikuwa watatu. Chama kikafa. Siku hizi lugha yetu naiongea na cherehani uzi unapokatika, na hayo si maneno ya kusema mbele ya mama.

Niko mpweke. Nimeandika, basi. Nikapige pasi.

Jumatano, 12 Machi

Mama Harusi amechukua nguo zote leo. Amekagua mishono, amekosa la kusema, akaondoka na uso wa mtu aliyekosa la kusema.

Kitambaa kimebaki. Kipande kizuri, si cha kutengenezea viraka. Hakukiulizia. Kwa desturi ya kazi yetu, kinachobaki kisipoulizwa ni cha fundi. Nikawaza foronya ya mto. Nikakikunja, nikakiweka. Nikakikunjua tena.

Kisha nikajipima. Kumbe fundi hawezi kujipima mgongo! Futi inateleza, bega linapanda, huoni namba. Ningemwita fundi simu wa kibanda cha mbele, lakini miaka yote tunatazamana tu, yeye na visikilizio vyake masikioni. Nitamwambiaje, njoo unishike mgongo? Nikachukua shati langu la zamani, nikalifumua, likawa kielelezo.

Ijumaa, 14 Machi

Limenikaa. Limenikaa vizuri mno. Sijasema naenda.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda.

Nilidhani nitasimama mlangoni kidogo, nione nguo zangu zikitembea, nirudi. Mlangoni palikuwa na binti wa kukaribisha wageni. Hakunitazama usoni, alitazama shati. "Karibu mjomba, pita mbele." Mjomba! Nikapita. Nikamkuta mwanamume wa upande wa bibi harusi, shati langu limemkaa kifuani barabara, akanishika mikono yote miwili: "Shemeji, mmefika salama? Safari ilikuwaje?" Nikasema salama. Hatua chache mbele, mama wa upande wa pili akainama akanisalimia kwa heshima, akauliza kama hapo penu mmepata viti vya kutosha.

Ndipo nikaelewa. Kila upande ulidhani mimi ni wa upande mwingine. Na wakwe, kama unavyojua, hawaulizwi maswali. Wanaletewa soda.

Mama Harusi nilimwona kwa mbali akigombana na mtu wa vipaza sauti. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Macho makavu ninayo, lakini yana mpaka.

Pembeni kulikuwa na mzee peke yake mezani. Babu wa bwana harusi. Wajukuu zake wanakimbia huku na huko, na watu wa upande wa bibi harusi wanamwinamia, wanatabasamu, wanapita, kwa sababu hajui lugha yao nao hawajui yake. Nikakaa naye, kwa kuwa pale palikuwa na kivuli cha nguzo. Akasema neno. Sikulijua. Nikasema langu. Hakulijua. Tukatazama watu wakicheza.

Mikono ya shati lake ilikuwa inamfika vidoleni. Nilijua wamekosea! Nikaugusa mmoja. Akaushika mkono wa shati langu, akaugeuza ndani nje, akausoma mshono kwa kidole. Taratibu, inchi kwa inchi. Kisha akaninyooshea kidole chake cha kati — ncha ina sugu ya sindano. Na chini ya meza mguu wake ukaanza kukanyaga: kisigino, vidole, kisigino, vidole.

Fundi. Mzee ni fundi mwenzangu.

Nikakanyaga na mimi. Tukakaa pale watu wazima wawili, tunaendesha cherehani zisizokuwepo, na alicheka mpaka akafuta machozi. Sindano huwa naiweka chini ya kola, na uzi wake. Nikakunja mikono ya shati lake nianze kuipinda. Mshono wangu wa haraka akaukataa — akatikisa kichwa, akaninyang'anya sindano, akashona mwenyewe, mimi nikashika kitambaa. Sijui mara ya mwisho ni lini mtu alinikosoa kazi kwa upendo.

Baadaye wakaita picha. "Kijani wote! Familia nzima!" Nikainuka nikimbie, mzee akanishika kiwiko. Picha nimo, mstari wa pili.

Halafu mshereheshaji akatangaza kwamba kila upande utawatambulisha wazee wake, mmoja mmoja, kwa kipaza sauti. Nikatoka kwa mlango wa jikoni. Mzee alikuwa anatazama jukwaa. Sikumuaga.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka na furaha. Kufika mchana imegeuka aibu. Mwizi wa kuku ana unafuu, yeye anajua alichoiba.

Jumanne, 18 Machi

Ujumbe kutoka kwa Mama Harusi. Nguo zimesifiwa na wote, ubarikiwe fundi. Na kumbe wakwe zake si wabaya alivyodhani, wana hata mjomba mmoja mpole sana, amekaa na babu yao kutwa nzima. Yeye kwa pilikapilika hakupata nafasi ya kumsalimia.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikafunga kibanda. Nikachukua wembe nikalifumua shati lote. Kola, mikono, mabega. Nilishona mwenyewe, nikafumua mwenyewe, na mshono ulikuwa mzuri, haukutaka kuachia. Vipande nikavitia kwenye gunia la makorokoro.

Kisha nikampigia dada. Nimemwambia ndiyo. Shemeji aje na lori, Ijumaa ya tarehe 28. Dada alilia kidogo, akasema nitalala karibu na watoto wake na nitachoka kusalimiwa.

Mji huu haujanikosea chochote. Una nafasi ya kila mtu. Labda ndiyo shida yake — nafasi ni kubwa mno.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nimesimama, pasi inapata moto. Nieleze haraka.

Asubuhi nilikuja kibandani kufungasha. Majora, mikasi, gunia la makorokoro nimelifunga kamba mara mbili. Nikasikia viatu vya kike kwenye ngazi za jengo, na ile sauti ya ng'ambo ya barabara. Mama Harusi. Nyuma yake mama wa bwana harusi, mwembamba, mkoba kifuani. Wote wamevaa sare zao za kijani. Wanakula pamoja leo kwa maharusi, familia zote mbili, ndiyo mara ya kwanza tangu harusi.

Mama Harusi akaniwekea simu chini ya pua. Picha. Mstari wa pili.

"Huyu ni nani, fundi?"

Nikalisogeza gunia kwa mguu.

Akasema mzee anasafiri kesho kurudi kwao, na tangu asubuhi amekaa anakanyaga sakafu na kuulizia mtu. Upande wa bwana harusi wakawaambia akina Mama Harusi: mleteni ndugu yenu. Hawa wakasema: ndugu yenu ninyi. Wamebishana mpaka sauti zikapanda, kila mmoja akidhani mwenzake anamficha mtu. Mwisho Mama Harusi akavaa miwani, akaitazama picha vizuri.

"Nimekosana na mkwe wangu wiki ya kwanza, kwa ajili ya mtu ambaye si wetu wala si wao."

Nikaanza kuomba radhi. Maneno yakaja vibaya, nusu kwa lugha yangu. Mama wa bwana harusi akaniinulia mkono ninyamaze. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, akakisema polepole: baba yake ameshona miaka mingi, na tangu macho yalipoharibika hajashika sindano. Siku ya harusi alishika. Akatazama pembeni.

Mama Harusi alikuwa bado amebinua mdomo. Amekasirika, sikuweza kujua kwa kiasi gani. Akasema, "Mimi na wewe tutaongea, fundi. Leo hapana. Vaa lile shati twende, mzee haoni sura za watu, anaona rangi."

Sikuweza kuwaambia kwamba nimelifumua. Nimesema dakika chache tu, nabadilisha. Wameshuka, wako kwenye gari.

Nilitoboa gunia upande nikavuta nilichokiona. Mgongo na vifua nimeviunganisha. Mkono wa kulia nimeupiga bandi tu kwa sindano, utashika kama sitauinua. Wa kushoto ninao. Simu inaita, ni dada, atakuwa anataka kujua cherehani ina uzito gani. Sijapokea. Kola siioni. Nimepekua mezani, chini ya meza, kwenye shubaka la vifungo. Itakuwa chini kabisa, ndani ya gunia, chini ya kila kitu nilichokipanga kwa ajili ya lori. Honi. Honi tena.

Nakata kamba.