Sakafu Isiyong'aa

Jumatatu, Machi 3

Nimefua nguo za watu Kitisuru tangu asubuhi, vidole vimekunjamana. Kutoka huko nikapitia hospitali Upper Hill kumwona Nafula wangu. Amekula ugali kidogo, mboga akaacha. Chuma kiko ndani ya nyonga, mguu bado umevimba.

Daktari ameniita kando. Jumatatu ijayo mtoto anaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilianza kushukuru, akanikatiza. Mama, asianguke tena. Akianguka na hiyo nyonga hatuna mahali pengine pa kushikiza chuma. Hatatembea.

Bafuni ndiko alikovunjika. Kwake Kangemi, juu ya tailizi zinazong'aa kama sahani. Povu kidogo tu.

Huko harudi. Nani atamwogesha? Mume wake Barasa ni bawabu wa usiku, mchana analala kama gogo. Na mimi siwezi kulala nyumba ya mkwe, wala kukanyaga bafu yake. Kwetu Bungoma hata kiti chake sikalii. Basi anakuja kwangu. Na bafu yangu ni hii: simiti imelika ikawa laini, sinki inaning'inia. Naogopa.

Jumanne, Machi 4

Maduka ya Dagoretti Corner, yote. Nilibeba chupa ya maji na kipande cha sabuni. Naomba tailizi ilazwe chini, namwaga maji, napaka sabuni, navua kiatu, nasimama. Muuzaji mmoja alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mathe, na taulo tulete?"

Nikamwambia alete na ndoo, nimalizie hapo hapo. Duka zima likacheka. Mimi machozi yalikuwa karibu.

Zinazong'aa zote zinateleza. Kuna ndogo zisizong'aa, zina ngozi kama ulimi wa ng'ombe. Hizo zilinishika mguu. Ndizo nilizotaka. Zimekwisha, zingine zinakuja mwisho wa mwezi. Mtoto hangoji mwisho wa mwezi.

Kando ya Ngong Road wanauza mawe ya mazeras, yale bapa ya kutandika chini. Hayatelezi yakiwa mapya. Lakini mahali pasipopata jua yanaota kijani, na ile kijani ni kama mafuta. Nimesugua baraza za watu, naijua. Mkeka wa plastiki pia hapana. Sabuni ikiingia chini, mkeka na mtu wanaondoka pamoja.

Nimerudi mikono mitupu.

Jumatano, Machi 5

Kitisuru wanabadilisha bafu. Mama mwenye nyumba amesema nichukue sinki ya marumaru waliyotoa. Bure. Nyeupe, ina mishipa ya kijivu. Nilifurahi, sidanganyi. Nikajiona nikinawia hapo kama mke wa mbunge.

Halafu nikaiangalia vizuri. Pale dawa ya kusafishia ilipokuwa ikidondoka pameliwa. Chini ya mfereji kuna ufa. Na uzito wake, watu wawili. Nafula akiinuka atashika sinki. Atategemea. Hiyo ikitoka ukutani inamwangukia juu ya mguu. Nimekataa. Mama mwenye nyumba amenuna, anadhani naringa. Acha anune.

Jioni fundi Makokha amekuja kupima. Ni mzee wa kanisa letu, mtu mwema sana. Tumekubaliana: sinki ya stili, ilazwe juu ya meza ya zege, meza isimame kwa miguu ya mawe. Stili haipasuki. Sakafu iwe simiti na mchanga wa mto, na kabla haijashika ipitishwe ufagio mgumu ibaki na mistari. Bila niru. Nilisema mara tatu, bila niru. Sitaki ile simiti tupu ya juu inayosuguliwa mpaka unaona uso wako.

Makokha akaguna. "Mama Nafula, sakafu bila niru ni ya zizi."

"Basi mimi ni ng'ombe," nikamwambia.

Akacheka. Nikadhani tumeelewana.

Ijumaa, Machi 7

Sinki imekaa. Nimeiegemea na uzito wangu wote, na mimi si mwembamba. Haikutikisika. Kesho sakafu.

Hospitali wamemsimamisha Nafula na magongo. Hatua chache. Nesi akasema nyumbani ataoga kwa kiti, na Nafula akaanza kulia. Mtu mzima, mama wa watu kesho, analia kwa sababu ya neno kuoga. Nilimshika kichwa. Nilimwambia bafu ya mama haimwangushi mtu. Nimeahidi kitu ambacho hakijajengwa.

Jumamosi, Machi 8

Inang'aa.

Nimetoka kazini, nikamkuta Makokha mlangoni na uso wa mtu aliyeleta zawadi. Ametia niru. Anasema angeona aibu kuacha nyumba ya mjane hivyo, kina mama wa kanisa wakija kumwona mgonjwa watasema nini. Ameongeza simiti yake mwenyewe. Ameisugua mchana kutwa kwa mapenzi.

Nilitaka kumtukana, mdomo ukakataa. Nilikaa chini. Yeye alidhani nimezidiwa na shukrani, akaniombea, akaenda.

Nimemwaga maji nikaweka mguu mmoja. Mguu ukaenda peke yake.

Kesho Makokha hashiki nyundo, ni Jumapili. Kesho kutwa mtoto anakuja. Sina mtu. Mungu wangu, sina mtu.

Jumapili, Machi 9

Sikuenda kanisani. Nimeazima tindo na nyundo kwa jirani, nikapiga magoti bafuni. Simiti ya jana haijakaza sana, inabanduka, lakini vipande kama kucha. Watu walipotoka kanisani nilikuwa nimetoa mahali pa kutosha sufuria moja tu. Mkono unatoka damu. Nikaanza kulia kwa sauti, kama msibani.

Sikujua Barasa yuko langoni. Amekuja kuleta nguo za Nafula. Siku zote anaweka mzigo chini, anarudi nyuma, ndipo mimi naenda kuuchukua. Tangu amwoe hatujawahi kushikana mkono. Akaita:

"Mama! Kuna nini? Ni Nafula?"

"Ni sakafu."

Nikasikia mzigo ukitua chini. "Mama, jifunike. Naingia."

"Usiingie, Barasa! Hapa ndipo ninapooga!"

"Wazee watatusema, sawa, wacha waseme. Akianguka tena, ni wao watamwinua?"

Aliingia akitazama ukuta. Nilifunika kichwa na leso nikatoka kwa ubavu, nusura nimguse. Aibu ilinichoma masikio. Mkwe wangu, katika bafu yangu, suruali yangu ya ndani iko kwenye kamba juu ya kichwa chake. Sikuwa nimeitoa. Hakusema kitu. Hata mimi sitasema.

Amepiga nyundo mpaka jua likageuka. Mimi nje nachekecha mchanga, nachanganya, nasukuma karai mlangoni bila kuangalia. Akalowesha, akaweka tabaka jipya. Nikamwelekeza kupitia ukutani: fagia sasa, mistari ielekee kwa shimo la maji. Nikasikia ufagio. Kwaruu, kwaruu. Sauti mbaya. Nimeipenda.

Jumatatu, Machi 10

Nafula yuko kitandani kwangu. Amekonda.

Bafuni haingii mtu, simiti bado changa. Nimefunika magunia, nayamwagia maji ikomae bila kupasuka. Nimemwogesha kitandani kwa beseni.

Makokha amekuja kumpa pole. Akachungulia bafuni. Akatoka, akavaa kofia yake, akaenda bila kunywa chai. Nimemuumiza mtu mwema. Nitamwendea, lakini si leo.

Wifi yangu amepiga simu kutoka Bungoma. Habari imeshafika, sijui kwa mguu wa nani. Mkwe ameingia bafu ya mama mkwe! Anataka Barasa apeleke kondoo, jambo lisafishwe. Barasa amesema atapeleka. Kondoo ananunulika.

Ijumaa, Machi 14

Magunia, maji. Magunia, maji. Sijisikii vizuri. Naona ufa kila mahali, nikiinama karibu naona ni unywele.

Jumatatu, Machi 17

Leo tumeingia. Nimemshika kiuno, mkono wake juu ya meza ya sinki. Tukasimama muda mrefu bila hata kufungua maji. Sakafu ni mbaya, ya kijivu, inakwaruza nyayo. Nikamimina maji. Nikamwaga na sabuni, nyingi, makusudi. Akasogeza mguu. Haukwenda.

Mimi ndiye niliyelia, maji yakanificha.

Alhamisi, Machi 20

Asubuhi nimebeba taulo na kiti kama kawaida. Nafula akavichukua mlangoni. Akasema, mama, kaa nje. Akafunga mlango.

Nilisimama hapo na mikono yangu. Maji yakaanza. Yakanyamaza. Nikashika kitasa, nikaacha. Yakaanza tena, na nikamsikia akijisugua, polepole, akitaka apate mgongo peke yake.

Nimeenda kuweka chai.