Mzee Kimya wa Manowari

Kwako mdogo wangu mpenzi, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Mgongo unaendeleaje? Natumaini barua hii itakukuta umenyooka, hutembei tena umejishika kiuno. Sisi hapa hatujambo. Macho yangu yamepona, ndiyo maana safari hii nakuandikia kwa mkono wangu na mistari haipandi mlima.

Umeniuliza nakuja lini. Umesema chumba kimeshapakwa rangi na kitanda kimeletwa. Nitakujibu, ila niache kwanza nikueleze yaliyonipata, maana nikikupa jibu tupu utanikasirikia.

Shemeji yako unamjua tangu alipokuja kuniposa: luteni mwembamba, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Maswali ya baba aliyajibu kwa ndiyo na hapana, na alipoondoka baba akasema kijana huyu ama ana akili nyingi ama hana kabisa. Akapewa boti ya doria, halafu manowari, halafu ofisi kubwa ya makao makuu na nyota za admirali mabegani. Mabaharia wakambandika jina la Mzee Kimya. Mimi nikabaki na watoto. Nilipomzaa wa kwanza ulinishika mkono wewe; yeye alikuwa baharini, na binti yule alikua akidhani baba yake anaishi ndani ya simu. Nilimpenda, sikatai. Lakini mtu huchoka kumpenda mgeni.

Ndipo akastaafu. Wakampigia gwaride, wakampa saa ya ukutani, wakanirudishia mume nyumbani. Kesho yake alizipanga sufuria zangu kwa ukubwa. Wiki haikuisha akabandika mlangoni mwa jikoni ratiba ya kuosha vyombo, na yeye mwenyewe hamo. Fundi bomba alipokuja, alikaguliwa viatu kwanza. Lakini mezani, kimya. Kitandani, kimya. Hapo ndipo nilipokupigia simu nikilia, tukapanga kwamba nikishapasuliwa macho nije kwako, nisirudi. Nikafungasha sanduku na kulisukuma chini ya kitanda.

Upasuaji ulikwenda vizuri, ila daktari aliyafunga macho yote mawili ili yapumzike. Binti alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo nikabaki mikononi mwa Admirali. Mdogo wangu, ungecheka! Aliniongoza kutoka kitandani hadi bafuni kama meli inayoingizwa gatini: kushoto kidogo, taratibu, simama, umefika. Alinilisha uji wenye madonge. Alinichana nywele, na mkono ule uliozoea kupiga saluti ulipita polepole kwa kuogopa kuniumiza.

Jioni moja mvua ilikuwa inapiga madirishani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kama nakumbuka meli yake iliposhika moto. Nitaachaje kukumbuka! Nilizisikia habari redioni, nikawa sili, sikai. Na aliporudi, nguo zinanuka moshi, kitu pekee alichoniuliza ni kama kuna chai. Chai ile sikumsamehe.

Akaanza kunieleza. Moto ulianzia chumba cha injini. Walipouzima, fundi mmoja kijana alikuwa ameungua vibaya, na bandari bado iko mbali. Meli akamwachia msaidizi wake, akashuka, akaketi kando ya yule kijana na kumshika mkono ambao haukuungua. Kijana alikuwa haoni tena. Akawa anaita, "Mama. Mama, upo?"

"Nikaitika," mume wangu akasema. "Nikamwambia, nipo mwanangu, lala."

Akawa anaitika hivyo njia nzima, kila alipoitwa, mpaka akawa haitwi tena. Nchi kavu ilikuwa bado haijaonekana. Baadaye alikwenda mwenyewe kwa mama wa marehemu, akamwambia mwanawe hakuwa peke yake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuja nyumbani kwa nia hiyohiyo. Lakini alipofungua mlango akanikuta nimembeba mtoto, nacheka na kulia kwa furaha, akakosa pa kuanzia. Ndipo akaomba chai. Na kadiri miaka ilivyopita, jambo lile likazidi kuzama.

Daktari alikuwa amenikataza kulia. Nililia.

Tangu jioni ile akawa ananisimulia: alivyotapika safari yake ya kwanza mpaka nahodha akamwonea huruma, alivyoogopa kila alipopandishwa cheo, alivyokuwa akizirudia kichwani sauti za watoto ili asizisahau. Mimi nasikiliza gizani kama mwari aliyeletewa habari za mchumba.

Siku bandeji zilipotolewa, nilingoja atoke kwenda dukani, nikalivuta sanduku nizirudishe nguo kabatini kabla hajagundua. Mdogo wangu, nguo nilizozitupia humo ovyo zilikuwa zimekunjwa mraba, pindo kwa pindo, kama wanavyokunja jeshini. Juu yake kulikuwa na sweta langu zito ambalo mimi sikuliweka.

Aliporudi nikamuuliza. Akasimama wima mlangoni, mkate mkononi. Akasema aliliona sanduku alipokuwa akinitafutia gauni la kulalia, kabla ya jioni ile ya mvua. Sweta aliliongeza kwa sababu huko kwako kuna baridi.

"Na hukusema kitu?" nikamuuliza.

"Nilisema," akajibu. "Nilisema yote niliyokuwa nayo. Niliona kama unakwenda, basi uende ukinijua."

Basi ndugu yangu, jibu ndilo hilo. Siji kukaa. Nisamehe kwa rangi na kwa kitanda, na kwa jinsi ulivyonitetea kwa ndugu wote. Tutakuja kukutembelea sote wawili mvua zikipungua, na ukimwona anapanga sufuria zako, mwache.

Wasalimie watoto, na jirani yako mshonaji mwambie gauni linanikaa vizuri. Nilimwomba shemeji yako naye aandike salamu zake hapa chini. Amekaa na kalamu muda mrefu, ameandika neno moja tu, "Shemeji," kisha amenirudishia. Anasema mengine atakwambia kwa mdomo.

Akupendaye siku zote,
Dada yako

Shemeji