Kahawia ya baba

Luciana, nimejifungia chumbani nisionekane nikicheka, na matanga ya baba hatujaanua.

Nilimwambia shangazi Adela kwamba wachoraji wa Ulaya wa zamani walisaga maiti kavu za Misri wapate rangi ya kahawia. Maiti, Luciana. Nilidhani namchangamsha.

Akaishusha ukutani picha ya baba, ile ya kahawia aliyoichora tulipohamia kijiji cha ujamaa. Ndiyo pekee aliyotuachia. “Na hapa alimsaga nani?” Huyo, akaelekea nayo jikoni kuichoma.

Mama akamwambia taratibu, “Wifi, rangi hiyo ni udongo wa kichuguu na masizi ya chungu chako. Si siku zile uligomba wiki nzima ukiuliza nani kakikwangua?”

Shangazi akainusa picha. Kweli, akainusa.

“Kumbe ni yeye,” akasema, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Sasa ameitundika juu ya kitanda chake.