Mstari wa Lugha

Kibondo mjini

Mdogo wangu Yasinta,

Nakusalimu wewe na wote hapo Heru Juu. Maharage mmeyawahi, au mvua imeyaozesha shambani? Goti la Mama linamruhusu kupanda kilima cha kanisani? Mimi napumua, ila mgongo si wangu tena. Nikiinama kushika ndoo ya zege, kuinuka ni mpaka nishike ukuta.

Bahasha yako imefika, pamoja na CV uliyoandika kwa mkono ili nikuchapishie huku. Sijaichapisha. Usikasirike, soma kwanza mpaka mwisho.

Mwezi uliopita shirika moja lilibandika tangazo la kutafuta wahudumu wa kituo cha kupokea wakimbizi. Elimu, kidato cha pili kinatosha. Kidato cha pili ndipo nilipoishia mimi. Nikasema Mungu ameukumbuka mgongo wangu.

Nikaenda steshenari kwa Swalehe, mtu wa Tanga mwenye kompyuta hapa sokoni.

"Umefanya kazi gani?"

"Zege."

"Zege si kazi, ni adhabu," akacheka. "Umebeba tu, au kuna siku umesimamia?"

Nikamwambia fundi akisafiri, mimi ndiye ninayepokea saruji na kuwapanga vibarua wenzangu. Akaandika hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Akamweka fundi kuwa mdhamini, lakini alinilazimisha nimpigie kwanza nimwombe. Kazi ya karibuni akaiweka juu, za zamani chini, na zote zikaenea kwenye ukurasa mmoja. Alinifundisha vizuri, siwezi kumlaumu.

"Lugha?"

"Kiswahili. Kiingereza kidogo."

"Na Kiha?"

"Hicho acha."

"We Muha wewe! Unamficha mama yako kwenye kompyuta yangu?"

Nikamwambia aache tu. Wewe unajua kwa nini. Mwaka jana kwenye kizuizi cha barabarani nilishushwa kwenye basi kwa ajili ya lafudhi yangu, wakidhani mimi ni Mrundi. Nikaulizwa jina la babu, jina la mtendaji wa kijiji, jina la mlima wa kwetu. Nikakaa juani mpaka basi likaondoka na mzigo wangu. Tangu siku ile, nikiwa mbele ya mtu wa ofisi nakimeza Kiha. Niliona nikikiandika nimejishtaki mwenyewe kuwa Mrundi.

Majina yalipobandikwa, langu halikuwemo. Nikarudi kwenye zege.

Juma lililopita tukapelekwa kituo kile kile kushusha mabati. Likaingia lori la wakimbizi kutoka Burundi. Bibi mmoja akashuka na mjukuu mgongoni, analia na kuonyesha barabara waliyotoka. Mhudumu akawa anamwambia kwa Kiswahili, "Bibi, foleni iko huku." Bibi hakuwa anatafuta foleni. Alikuwa anasema kwa Kirundi kwamba binti yake, mama wa yule mtoto, ameanguka njiani na kubaki nyuma.

Nikaweka bati chini, nikamsalimu kwa lugha ya kwetu. "Amahoro, mama." Akanishika mkono, asiuachie. Nikawaeleza wahudumu alichosema, gari likarudi kumtafuta binti yake. Walimkuta hai, amelala kando ya barabara.

Ofisa wa pale, mama mmoja mwenyeji wa Moshi, akaniita.

"Wewe ni Mrundi?"

"Hapana, mama. Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi vinasikilizana."

"Uliomba kazi hapa?"

"Niliomba."

Akaitafuta karatasi yangu kwenye boksi, akaisoma yote. "Kaka, CV yako nzuri. Lakini mimi nilianza na mstari wa lugha. Wawili tu ndio walioandika Kiha, na hao nikawachukua, ila leo hawako zamu. Wengine wote mmeandika Kiswahili na Kiingereza. Nikadhani Kiha kimekufa huku."

"Na nafasi?"

"Zimejaa. Mikataba imeshasainiwa."

Nikarudi kwenye mabati.

Lakini alinidokeza kwamba upande wenu wa Kasulu watatangaza nafasi karibuni. Jioni ile nikafungua CV yako. Lugha: Kiswahili, Kiingereza. Yasinta, hayo ni mafundisho yangu. Ni mimi niliyekucheka mbele ya wenzako ulipochanganya Kiha darasani. Nisamehe.

Nimekurudishia karatasi. Mstari wa lugha nimeandika Kiha mwanzo kwa kalamu nyekundu, na Kirundi baada yake. Sikudanganyi kwamba hofu imeniisha. Kizuizi kipo palepale, kwa hiyo siku ya kwenda kuomba kazi beba cheti cha kuzaliwa. Halafu umeandika huna uzoefu wowote. Nani humpeleka Mama zahanati na kumtafsiria kwa daktari aliyetoka Iringa? Jirani zetu wazee wakizidiwa humwita nani aende kuwasemea? Iandike hiyo, na toka lini unaifanya. Kamwombe daktari akudhamini, usimweke bila yeye kujua. Chapisha hapo Kasulu, usisubiri nikuchapishie mimi.

Nisalimie baba mdogo Yohana mchoma matofali, na shangazi Anastazia wa mihogo, mwambie kikapu chake bado nakitumia.

Mama msomee ule mstari wa lugha. Akiuliza kama na mimi nilikiandika Kiha, usinifichie.

Kaka yako ninayekuombea,
Filibati