Mama ameshazika ndizi

Jumanne. Vumbi jekundu, upepo mkavu.

Chuo kinataka jibu Jumatatu: naenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili, au nafasi apewe mwingine. Kila anayeniuliza namwambia bado nafikiria. Uongo mtupu. Naogopa.

Mimi ndiye injinia wa maji hapa kambini. Malori yanawarudisha wakimbizi Burundi kila wiki, nyumba zao zinabaki tupu, na bomba la kambi, ambalo kijiji chetu hapa Kasulo nacho kinalitegemea, halijulikani litaishia wapi. Bosi hakunificha. Nikibaki, nitasimamia kulikabidhi kwa kijiji. Nikiondoka hana mtu wa kazi hiyo, na pampu itang'olewa ipelekwe kwingine.

Ndoo zinazojaa pale ni za shangazi zangu.

Sasa leo jioni narudi nyumbani, njiani nawaamkia wazee wawili, shikamoo, wananijibu marahaba na safari njema juu yake. Nikadhani wamenifananisha. Kufika, namkuta mama nyuma ya jiko anashindilia udongo juu ya majani ya mgomba. Amezika ndizi za pombe ziive shimoni. Kwetu hakuna anayezika ndizi hivi hivi. Ukiona shimo ujue kuna harusi, kuna msiba, au kuna mtu anaagwa, na kabla halijafunikwa habari imeshatembea.

Nilikasirika, sitaficha. "Mama, nani kakwambia naenda?"

Hata kichwa hakuinua. "Na nani kakwambia ni za kukuaga? Ukienda watakunywa, ukibaki watakunywa. Nimechoka kukuona unachezea chakula. Ndizi hazina kufikiria, zikiiva zimeiva. Jumapili utasimama mbele za watu useme."

Aliposema "ukibaki", moyo ulinishuka nikataka kulia palepale.

Kumbe nataka kwenda.

Nataka kwenda mno, na naona aibu. Nimechoka kubahatisha kazi ambayo watu wanadhani naijua yote. Kesho nitamwambia bosi ukweli, halafu nitamwomba, nitambembeleza ikibidi, tumfundishe mtu wa kijiji ile pampu kabla sijaondoka. Anaweza kukataa. Namjua, si mtu wa kubembelezeka.

Jumamosi mama atakamua ndizi zake. Juisi yake ni nzito, haitoki mpaka iongezwe maji, na ndoo ameshazisafisha, zimefunikwa pale mlangoni. Atanituma mimi. Nitapanga foleni bombani pamoja na shangazi zangu, nichote maji ya pombe ya kuniaga, nao watanipisha nipite mbele kwa sababu mtoto wao anakwenda kusoma.

Wakiniuliza kama bomba litabaki, nitawajibu nini?