Ulipoitika Ukumbini

Mama,

Jana nimeusoma tena ule ukurasa. Najua ungeuliza kwanza nilivaa nini: nilivaa buibui lako, lile la mikono mipana. Limenipwaya.

Tangu ututoke, nyumba ya Jang'ombe imepooza. Mwezi wa Ramadhani watu walipiga hodi kuulizia mikate yako ya ufuta, wengine hawajapata habari. Nilijaribu kuipika, ikaungua chini, juu mbichi. Tukaila hivyo hivyo. Kulia nililia baadaye, jikoni, peke yangu.

Unakumbuka siku ya kwanza niliposoma kitabu changu mbele za watu? Ukumbi wa ghorofani, Mji Mkongwe, wageni tele, nami nimesimama mbele ya kipaza sauti. Wewe ulikuwa umeamka alfajiri kuwapikia mikate, ukasinzia kwenye kiti cha mbele kabisa. Nikafika pale mtoto wa hadithi anaponyeshewa mlangoni, anaita, "Mama! Mama wee!" Ukazinduka, ukaitika kwa sauti yako yote:

"Naam!"

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulipotoka nikakwambia umeniadhiri, ukanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Mwanangu unaniita mbele za watu, nnyamaze? Mie mamako nnaitika hata usingizini." Tangu hapo kila nilipousoma ukurasa ule uliitika makusudi, na nadhani wengi walikuja kwa ajili yako kuliko yangu.

Ulipofariki nikawa nauruka. Popote nilipoalikwa nilisoma kurasa nyingine. Jana nimealikwa ukumbi ule ule, na watu wakauomba. Nikasema haya. Kwenye kiti chako nilimkalisha Raya wangu, mjukuu wako, asije akakikalia mtu mwingine.

Nikasoma, "Mama! Mama wee!" Kisha nikanyamaza. Sikukusudia, Mama. Nilikuwa nakusubiri. Nikasubiri mpaka mwenyeji wetu akaanza kujikohoza, watu wakainamisha vichwa, machozi yananidondokea kwenye kitabu na sioni hata herufi moja. Uchungu ule sikuupata hata siku ya maziko. Siku ile nilikuwa bado siamini.

Raya akaingiwa na hofu. Akasimama juu ya kiti, akaita, "Mama!"

"Naam!"

Ilinitoka vile vile ilivyokuwa ikikutoka wewe, ndani ya kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia. Raya akaangua kicheko. Kina mama wa nyuma wakafuatia, mmoja anacheka huku anajifuta macho kwa mtandio. Nikaumaliza ukurasa hivyo hivyo, sauti inakatika.

Siuruki tena, Mama. Nakuahidi, kila nitakaposimama kusoma, nitausoma huo.

Mungu akurehemu, akupe kauli thabiti. Pumzika, umechoka. Na ukisikia mtoto anaita Mama, usihangaike kuamka.

Nitaitika mimi.

Mwanao